Yah: Malalamiko kuhusu kalamu ya wino mliyoilainisha nibu

Kirumba, Mwanza
4 Agosti 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa Mwanza. Kazi yangu ni kuandika vyeti na kadi za harusi kwa mkono. Mwezi Mei niliwalipa shilingi 380,000 kwa kalamu moja ya wino yenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, ya dhahabu ya karati 14, ambayo mafundi wenu wangeichonga mabegani, yaani kando zake mbili, ili ilainike. Tulikubaliana hivi: mkono ukipanda bila kukandamiza, nibu itoe mstari mwembamba kama uzi, ukishuka kwa kukandamiza, meno mawili ya nibu yafunguke hadi mstari ufike milimita 2, kisha yarudi kufumba. Tulikubaliana pia kwamba ulimi wa kalamu, yaani kile kipande cheusi kilicho chini ya nibu, utachimbwa mifereji zaidi ili wino uweze kufuata upana huo. Fomu yenu ninayo na nimeambatisha nakala.

Kifurushi nilikipokea mwenyewe stendi ya Nyegezi tarehe 20 Juni. Usiku huohuo nikaijaza wino na kuanza kadi za familia moja ya Sengerema, kadi 120, jina la kila mwalikwa kwa hati ya mlazo. Herufi ya kwanza, M kubwa, ilitoka vizuri mno hadi nikamwita binti yangu aje aione. Jina la tatu mambo yakageuka. Nilipokandamiza kushusha mguu wa K, wino ulikatika katikati, ikabaki mistari miwili myembamba sambamba kama reli, na kati yake karatasi nyeupe. Nikasubiri kidogo, nikarudia, ikaandika herufi mbili, reli zikarudi. Kadi kumi na nne niliziharibu namna hiyo kabla sijaiweka kalamu chini.

Nilipowapigia simu nikajibiwa kwamba mkono wangu ni mzito na karatasi za huku ni mbovu. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, maana kasoro ya chombo naweza kuivumilia mpaka itengenezwe. Nimeandika kwa nibu laini miaka kumi na tisa. Nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa karani bandarini, na alikuwa akinishika kifundo cha mkono hadi nielewe kwamba nguvu hutoka kwenye vidole na hutumika wakati wa kushuka tu. Kadi zilizobaki, za bunda lile lile, nilizimaliza kwa kalamu ya kuchovya. Hakuna hata moja iliyotoa reli wala kusambaza wino.

Sikutaka kulaumu bila kupima. Nilisafisha kalamu kwa maji yenye tone la sabuni, nikabadilisha wino mara mbili, nikachagua ulio mwepesi. Hali ikawa ileile. Ndipo nikachovya nibu yenyewe kwenye kichupa, kama mtu anayetumia kalamu ya kuchovya. Iliandika maneno mawili mazima, nene na safi, bila kukatika. Wino uliokuwa umenasa juu ya ulimi ulipoisha, reli zikarudi palepale. Mnaona wenyewe maana yake: nibu ikipata wino inafanya kazi, ila ulimi hauleti wa kutosha.

Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja karibu na Makoroboi, akanipa lenzi yake ya jichoni. Mfereji wa ulimi ni mmoja, mwembamba kama ulivyotoka kiwandani, na hauna alama ya kisu hata moja. Mabega ya nibu yamechongwa kweli, lakini bega la kushoto limeliwa zaidi ya la kulia, kwa hiyo jino moja hutangulia kufunguka na likirudi hukaa juu kidogo ya mwenzake. Hilo limeniulia mstari mwembamba pia, kwani kalamu inakwaruza ninapopanda.

Lewis Waterman alipata hataza ya ulimi wenye mifereji huko Marekani mwaka 1884, na kanuni bado ni ileile: wino hushuka kwa mfereji, hewa hupanda kujaza nafasi yake. Ukiyatanua meno bila kuupanua mfereji, umeongeza matumizi ukaacha bomba lilelile. Mafundi wenu wanalijua hili, la sivyo lisingekuwemo kwenye fomu.

Nimeambiwa pia kwamba waranti haihusu nibu iliyorekebishwa. Lakini aliyeirekebisha ni ninyi, kwa fedha yangu na kwa vipimo vyenu. Mimi sijagusa chochote kwa msasa wala koleo, ingawa nilishawishika.

Ninaomba ulimi uchimbwe kama tulivyoandikiana, meno yasawazishwe, na kalamu ijaribiwe kwa kuandika ukurasa mzima wa herufi nene kabla haijafungwa. Ukurasa huo mnitumie pamoja nayo. Kama dhahabu imeliwa kiasi cha kutosawazishika, niwekeeni nibu nyingine au mnirudishie shilingi 380,000 zote. Gharama ya kadi kumi na nne, shilingi 21,000, ninaidai pia. Na yule aliyesema mkono wangu ni mzito aandike kwamba amekosea. Mama wa bibi harusi alivuka na kivuko cha Kamanga kuja kuchukua kadi siku tuliyopanga, akakuta bado naandika, akakaa kwenye benchi langu kuanzia saa nne hadi saa tisa. Sikuweza kumwambia kosa ni la nani.

Kalamu naituma pamoja na barua hii, imeoshwa na haina wino, kwenye mkebe uleule mlionitumia. Ndani nimeweka kadi mbili: moja niliyoiandika kwa kalamu yenu, nyingine kwa ya kuchovya, jina moja, karatasi moja. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu mtiifu,
Mwandishi wa vyeti na kadi, Kirumba