Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: daftari la Bi Mkubwa liko wapi?

Maskati, Oman

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Faragha nimeshaijaribu mara saba, kukuomba fedha za utafiti wa biashara za wanawake: barua tano kwa Kiarabu, mbili kwa Kiingereza, zote na mhuri wa chuo kikuu ninachosoma. Hii ya nane naiandika kwa Kiswahili kwa sababu siku ile niliyokaa mapokezini kwako tangu saa mbili asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, mlango wako haukufungwa vizuri, nikakusikia ukizungumza na simu: "Shikamoo mama. Nakuja, niwekee mkate wa kumimina." Nikasema alhamdulillah, kumbe ni mtu wa kwetu. Pengine barua ya lugha ya mkate wa kumimina itafika zisikofika nyengine.

Jina lako silitaji, wala la ofisi. Wewe unajijua, na mlinzi wa getini ananijua mimi.

Kilichonitoa uvumilivu ni tarehe 17 Oktoba, Siku ya Wanawake wa Oman. Nilikuwepo ukumbini, safu ya mwisho, karibu na mlango wanapotokea wahudumu na masinia. Ulizungumza vizuri, sikatai. Ulikumbusha kwamba siku hii tuliipata kutokana na kongamano la wanawake wa Kiomani lililofanyika Sohar mwaka 2009, ukaitaja Dira ya 2040, mpango wa maendeleo wa Oman, ukamtaja Bibi Khadija bint Khuwaylid. Kisha ukasema, na hapa nilitoa kalamu nikayaandika maneno yako nyuma ya kadi ya mwaliko: "Tatizo letu kubwa kuhusu wanawake wafanyabiashara ni kwamba hatuna takwimu."

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikuwa mizito.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilipokea kutoka ofisini kwako karatasi ya mistari mitatu, ikiniarifu kuwa ombi langu la kugharimiwa utafiti wa biashara za wanawake majumbani "halimo katika vipaumbele vya mwaka huu". Mistari mitatu, Mheshimiwa, kwa ombi la kurasa 46 nililoliandika miezi minne. Na mwaka wa nyuma yake, jukwaani papo hapo, uliahidi kwamba dirisha la fedha za utafiti wa namna hii litafunguliwa kabla ya Ramadhani. Hukutaja Ramadhani ya mwaka gani. Hapo nakiri ulikuwa mwangalifu.

Nirudi kwa Bibi Khadija, kwa kuwa umemtaja wewe. Ni kweli alikuwa na mali yake na misafara yake, na ndiye aliyempa Mtume (s.a.w.) bidhaa azipeleke Sham kabla hawajaoana. Lakini sisi tumeyajuaje hayo? Tumeyajua kwa kuwa walikuwepo watu walioona yanafaa kuhifadhiwa na kusimuliwa. Wanawake wangapi wa Makka waliuza na kununua zama zile na leo hatuwajui hata kwa jina? Ndilo jambo ninalokuomba tangu barua ya kwanza: fanya biashara ya mwanamke iandikwe.

Labda ofisini hawakukueleza ninachokitafiti, basi nikueleze mwenyewe. Natafiti kofia. Hizo hizo za viua mnazovaa nyote, hata wewe siku ile ulivaa moja nzuri ya nyuzi za kahawia. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kuzishona Unguja, akarudi nazo mikononi familia ilipohamia huku baada ya mwaka 1970, na kwa fedha ya kofia akalipia dawa za babu na viatu vya skuli vya mama yangu. Kofia moja ya mkono hutoka kwa wiki nyingi, nyengine miezi. Kila kijitobwe hutobolewa, kikazungushiwa uzi kimoja kimoja, mamia ya viua kwa kofia moja, jioni watoto wakishalala. Ikimalizika, huja mtu akaichukua akaipeleka dukani Matrah, kwenye soko la zamani la Maskati.

Sasa tazama hesabu zinavyofanywa. Duka lina sijili ya biashara, yaani cheti cha usajili, na sijili ina jina la mwanamme. Yeye ni mfanyabiashara. Mwanamke aliyeshona kofia miezi miwili ni mama wa nyumbani, hafanyi kazi. Vuka barabara uingie mtaa wa pili: utakuta sijili ina jina la mwanamke, ambaye hajapata hata siku moja kuingia dukani kwake. Anayenunua, anayeuza na anayebaki na faida ni mtu mwengine kabisa, na yeye hupewa chake kidogo kwa mwezi kwa kuazimisha jina. Huyo kwenu ni mjasiriamali, na amehesabiwa. Mnahesabu sijili, hamhesabu mikono. Halafu mnashangaa takwimu hazina maana.

Wala si Oman peke yake. Benki ya Dunia kila mwaka inatukumbusha kuwa katika nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ni kama mwanamke mmoja tu kati ya watano aliye katika soko la kazi, kiwango cha chini kuliko karibu pote duniani, na huku vyuo vikuu vyetu vimejaa wasichana. Sipingi. Nauliza tu: waliobaki wanakula nini? Wale wanaotengeneza bukhuri Salala, huko kusini, wanaouza sambusa na vitumbua kwa WhatsApp mwezi wa Ramadhani, wanaokodisha nguo za harusi chumbani, wamo wapi katika hiyo hesabu?

Najua hoja yenu, kwa kuwa msaidizi wako aliniambia waziwazi: fedha bora iende kwa wanawake wenyewe kuliko kwenda kwenye makaratasi. Inasikika kama huruma. Basi nikupeleke Moroko.

Zoubida Charrouf ni profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Mohammed V, Rabat. Alianza na makaratasi tu: kuchunguza mafuta ya argani, ya mbegu za mti wa huko, yale ambayo wanawake wa Kiberberi wa kusini-magharibi walikuwa wakiyakamua kwa mawe tangu enzi na enzi bila ya mtu kuiita kazi hiyo biashara. Kutokana na uchunguzi huo akafika mji mdogo wa Tamanar, mwaka 1996 akasimamisha ushirika wa wanawake, wa mwanzo wakiwa wengi wao wajane na walioachwa, kwa sababu wenye waume hawakuruhusiwa kutoka. Leo argani inauzwa Paris na Tokyo kwa chupa ndogo ya bei kubwa, na mwaka 2014 UNESCO iliuandika ujuzi wa argani katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mbegu ya yote hayo ilikuwa maabara, karatasi na mwanamke mmoja aliyegharimiwa kuuliza maswali.

Na utafiti haukuishia kwenye sifa. Bei ilipopanda, watafiti wengine walirudi vijijini, na mwaka 2011 wakachapisha waliyoyakuta: baadhi ya familia zimenufaika, wasichana wanaendelea zaidi na masomo baada ya skuli ya msingi, lakini fedha nyengine imenunuliwa mbuzi, na mbuzi wa huko hupanda juu ya mti wa argani wakaula. Biashara ya mafuta inalisha kinachokula mti wa mafuta. Nani angeliona hilo kutoka ukumbi wa hoteli?

Huko huko Moroko, mikopo midogo ya taasisi ya Al Amana ilipimwa na watafiti katika vijiji 162. Waliokuwa na nafasi ya kukopa na wakakopa kweli walikuwa kama 13 tu katika kila 100. Shughuli za waliokopa zilipanuka, matumizi ya nyumbani hayakuongezeka, na sauti ya mwanamke ndani ya nyumba ilibaki pale pale. Haina maana mikopo ni mibaya. Maana yake mtu alikwenda kutazama baada ya picha kupigwa. Sisi hapa picha tunazo nyingi.

Sijui kwa nini mmenikatalia. Nimekaa usiku nikijiuliza. Labda utafiti hauna utepe wa kukata. Labda mnaogopa nitakayoyakuta kuhusu zile sijili za kuazimisha, maana wengine wenye nazo mnasalimiana nao. Labda ni ukoo wangu, na lafudhi yangu ya Kiarabu inayochekesha watu kaunta. Au labda hamna dhamira yoyote mbaya, barua zangu zimo tu chini ya nyengine. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa maana mimi nimeendelea, Mheshimiwa, bila yenu. Posho yangu ya masomo ilisimama mwaka jana kwa kuwa nimezidisha muda, na muda nimeuzidisha kwa kusubiri ninyi. Nimeuza bangili mbili za mama, kwa idhini yake, ingawa alilia. Nimekwenda Salala na kurudi mara tatu, kilomita elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, kwa gari isiyo na kipoza hewa, mwezi wa saba. Jioni nasomesha hesabu watoto wa jirani ili nilipe petroli ya asubuhi. Dada zangu wananiuliza nitaolewa lini, au nitaolewa na hizo kofia. Nayasema haya si kwa kutaka unionee huruma. Pengine nataka kidogo.

Lakini hayo ni yangu. Kuna lisilokuwa langu, nalo ndilo lililonifanya nisilale.

Katika wanawake niliozungumza nao yuko Bi Mkubwa mmoja wa Seeb. Miaka kumi na moja ameandika katika daftari moja kila kofia aliyoishona: lini aliianza, lini aliimaliza, nani aliichukua, alilipwa ngapi, na nani bado hajalipa. Ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, Unguja. Kofia ya miezi miwili kapewa riali 35, naye baadaye akaiona ile ile dirishani kwa 80, akaandika pembeni, "Subhanallah." Utaona humo mwaka 2020, harusi zilipozuiliwa na Idi ikaswaliwa majumbani, kurasa nzima tupu. Utaona kofia za mashine zilivyoingia na bei ikaanguka. Umesema hatuna takwimu. Hizo hapo. Zimeandikwa kwa wino wa buluu na mwanamke asiyehesabiwa kuwa anafanya kazi.

Ofisi yako ilidai "ushahidi wa asili" uambatanishwe na ombi. Nakala haikukubaliwa. Nikamwendea Bi Mkubwa, nikamwomba, nikamwapia Wallahi litarudi baada ya wiki mbili. Akalifunga kwa mpira, akalibusu, akanipa. Nililikabidhi kaunta kwa mkono wangu na stakabadhi ninayo. Sasa ni miezi kumi na tatu. Ombi limekataliwa, daftari halijarudi. Mara ya kwanza niliambiwa liko kwa kamati. Mara ya pili kamati imevunjwa. Mara ya mwisho kijana mmoja, mpole, Allah amjaalie, aliniuliza: "Daftari gani?"

Nilikuwa nimepanga barua hii iwe na madai. Kwamba mtenge fungu maalumu la utafiti wa biashara za wanawake, lisilochanganywa na la makongamano. Kwamba fomu zenu zikubali mtafiti asiye na kampuni nyuma yake. Kwamba ahadi ya jukwaani iwe na tarehe na mwaka. Kwamba mwanamke anayefanya kazi nyumbani ahesabiwe, hata akiwa hana sijili. Bado nayataka, na nimeshayaandika mara saba, yamo katika barua zilizo chini ya barua.

Leo nataka daftari. Fedha weka. Dirisha likiwa zito kufunguliwa, liache limefungwa. Nipe daftari. Wako watu humo wanaodaiwa, na Bi Mkubwa hana pengine alipoyaandika majina yao. Kila Ijumaa nikimpigia kumjulia hali hunijibu, "Marahaba mwanangu," kisha hunyamaza kidogo, kisha huuliza kwa adabu kama anaomba yeye: "Wamekwisha kulisoma?" Nami humwambia bado wanalisoma, Bi Mkubwa. Wanalisoma kwa makini sana.

Ili kumrahisishia atakayetumwa kulitafuta: jalada la kijani, limeloa chai pembe ya chini, limefungwa mpira mweusi. Ukurasa wa kwanza una Bismillahi na orodha ya wadeni wa Idi. Likionekana, nisipigiwe simu nikaambiwa nisubiri taarifa rasmi. Nitakuja mwenyewe. Mapokezini pale kiti changu nakijua, kile cha karibu na birika la maji.

Wasalaam,

Wa safu ya mwisho