Betri za simu nazo zipandishwe mizani

Mhariri,

Chini ya meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, pana ndoo ya mchanga ninamozika betri za simu zilizovimba. Ilipojaa nilizibeba kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Akacheka: "Fundi, hizi hazina bei." Betri ya gari anaipima kwa kilo, maana madini ya risasi yaliyomo yana soko. Zangu hakuzigusa.

Bei wanayo wenye viwanda. Ukifungua betri ya simu (usifungue!) utakuta karatasi mbili nyembamba zilizokunjwa pamoja, moja ya shaba, nyingine ya alumini. Ya alumini imepakwa unga mweusi, na kwenye betri nyingi za simu kobalti peke yake ni kama asilimia 60 ya uzito wa kemikali iliyomo kwenye unga huo. Ndiyo kobalti ile ile inayofukuliwa kwa jirani zetu Kongo, wanaotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Kiwandani betri humalizwa chaji, husagwa, unga ukayeyushwa kwa tindikali na madini yakatenganishwa moja moja. Wengine hutumia tanuri: kobalti, nikeli na shaba hupatikana, ila lithiamu hubaki kwenye makapi.

Vijana wetu wanaijua shaba tu. Betri wanazichomea jalalani wapate vipande visivyofika robo kilo, huku wakivuta moshi wenye floridi unaounguza mapafu. Mwanafunzi wangu aliniona mwoga nilipomkataza kuchokonoa betri kwa bisibisi, mpaka moja ilipomwakia mezani.

Bei pekee haitatosha, lakini. Betri nyingi za pikipiki za umeme ni za chuma na fosfati. Hazina kobalti wala nikeli, hivyo mnunuzi atazikimbia zaidi. Hapo anayeziingiza nchini ndiye achangie gharama ya kuzikusanya, maana faida ameshaila.

Naliomba Jiji la Tanga lianze na pipa moja la chuma lenye mchanga, kivulini, pale soko la Mgandini, na mkusanyaji mwenye kibali cha taasisi ya serikali inayosimamia mazingira wa kulichukua likijaa. Wavuvi wanaoniletea taa zao za kuchaji nitawaelekeza huko. Mimi za kwangu nitazileta bure, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga