Mizunguko ya tabianchi na ushahidi wa tope la bahari kuu

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa za maoni hurudi mara kwa mara hoja kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika kwa mizunguko tangu kale, na kwamba kwa hiyo joto la sasa lisitushughulishe. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Naomba nafasi nieleze jinsi ilivyothibitishwa, kwa sababu ushahidi huo huo ndio unaoibomoa nusu ya pili.

Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichapisha uchunguzi wa nguzo mbili za mashapo zilizotolewa katika sakafu ya kusini mwa Bahari ya Hindi, mahali ambapo tope hujilaza kwa sentimita chache tu kila miaka elfu moja. Ndani ya tope hilo mna magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa seli moja, na kila gamba huhifadhi oksijeni ya maji lilimoundwa. Barafu inapotanda nchi kavu huzuia humo oksijeni nyepesi kwa wingi, na maji ya bahari yakabaki na ile nzito zaidi. Hivyo anayepima magamba tabaka kwa tabaka huona barafu ya dunia ikikua na kuyeyuka.

Kazi ngumu ilikuwa kuutambua mzunguko wenyewe. Mchunguzi akipanga umri wa tabaka ulingane na mzingo wa Dunia, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, kisha akatangaza kwamba ameuona mzingo huo katika tope, hajathibitisha kitu. Watafiti hao walianza na umri uliopatikana kwa njia nyingine, ndipo hesabu zikaonyesha vipindi vya miaka 23,000, 42,000 na takriban 100,000, karibu sana na vile vinavyotokana na kuyumba kwa mhimili wa Dunia, mwinamo wake na umbo la mzingo. Milutin Milanković, Mserbia aliyeijengea hesabu nadharia kwamba mabadiliko hayo ya mhimili na mzingo ndiyo huongoza kukua na kuyeyuka kwa barafu, alifariki mwaka 1958 bila kuuona ushahidi huu. Kwa nini kipindi cha miaka 100,000 kina nguvu kiasi kile, wataalamu bado wanajadiliana.

Hata kilicho kifupi kati ya vipindi hivyo huchukua miaka 23,000, ilhali kaboni dioksidi hewani imepanda kutoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 kwa milioni katika muda wa takriban karne mbili na nusu. Anayeitaja mizunguko ili kutuliza wasomaji, nakuomba Mhariri umtake aandike pia urefu wake kwa miaka.

Wako,
Msomaji, Tanga