Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Mwaka jana wenzetu wa ng'ambo ya Busisi walifika hapa Mwanza ajenda ya tatu ikiendelea, kwa sababu ya foleni ya kivuko. Safari hii wamefika wa kwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, na akidi yetu imetimia kabla ya saa tatu asubuhi. Nawapongeza wote mliosafiri.

Kamati tendaji ilikaa vikao sita vya kawaida na viwili vya dharura. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Risiti zote ziko kwenye faili la bluu pale mezani, na atakayetaka kuzikagua asione haya.

Kampuni ya mgodi nitakayoizungumzia wote mnaijua. Jina lake sitaliandika, kwa sababu kikao cha Machi kiliamua hivyo mpaka mazungumzo yafike mwisho.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Agosti mwaka jana maofisa uhusiano wa kampuni waliitisha mkutano chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, kutueleza wanavyotaka kupanua eneo la kumwagia kifusi. Karatasi ya mahudhurio ilianzia kwangu. Ilikuwa na safu nne: namba, jina, simu, sahihi. Juu yake palikuwa patupu, hapana kichwa wala tarehe. Nikasaini mstari wa kwanza, nikampa mwenzangu, naye akasaini kwa kuwa ameona mwenyekiti kasaini. Ikazunguka hivyo mpaka kwa kina mama waliokaa pembeni na watoto. Mkutano ulikuwa wa maswali matupu. Hakuna aliyesema ndiyo. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake akauliza makaburi ya wazazi wake yatahamishiwa wapi, akaambiwa swali limepokelewa na litajibiwa. Tukanywa soda, tukaondoka.

Januari, katibu wetu alikwenda halmashauri kufuatilia jambo lingine kabisa, akaonyeshwa kabrasha la maombi ya upanuzi. Kwenye viambatisho akakuta karatasi ile ile, na mwandiko wangu ule ule mstari wa kwanza. Pale juu palipokuwa patupu pameandikwa kwa mashine: "Orodha ya wananchi walioridhia." Alinipigia simu akiwa bado kwenye korido, akanisomea maneno hayo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini.

Niliomba radhi kwenye kikao cha dharura cha Januari, na leo naomba radhi mbele yenu wote. Jina langu ndilo lililowavuta wengine.

Tuliandika barua ya kukanusha. Wote waliokuwa kwenye orodha ile waliisaini, isipokuwa wawili waliohama kijiji. Ilikwenda kwa kampuni, halmashauri, ofisi ya Kanda ya Ziwa ya NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Tume ya Madini. Baada ya wiki tano kampuni ikajibu kwamba ni makosa ya uchapaji na kwamba karatasi imeondolewa kwenye kabrasha. Ni kweli imeondolewa. Katibu amekwenda akahakikisha. Lakini jibu la uchapaji kamati haikulikubali, na mimi silikubali mpaka leo. Neno "walioridhia" lina mtu aliyeliandika, na mtu huyo ana mkubwa wake aliyelisoma akalipitisha. Tumeuliza mara tatu kwa maandishi: nani aliandika, nani alipitisha? Tungeridhika kujibiwa tu kwamba wahusika wanajulikana na wameulizwa. Hadi naandika taarifa hii hatujajibiwa.

Tangu hapo kamati imepitisha utaratibu ambao naomba mkutano huu uuthibitishe: mwanachama asisaini karatasi yoyote isiyo na kichwa cha habari, tarehe na jina la aliyeitisha mkutano, na kabla hajairudisha aipige picha kwa simu. Asiye na simu amwombe jirani.

Sasa nyufa. Kuna bibi mmoja kati yetu, yuko hapa leo na ameniruhusu nilieleze hili, ambaye ukuta wake wa chumbani una ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kuelekea kitandani. Kila wakilipua baruti na nyumba ikatikisika, anachukua kipande cha mkaa jikoni, anatia alama pale ufa ulipofikia, na mjukuu wake anaandika tarehe. Alama zimepangana ukutani kama vipimo vya rula. Mtaalamu wa kampuni alipokuja alipiga picha ufa, alama hakuzipiga. Ripoti yake ikasema nyumba ilijengwa bila msingi imara, juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi.

Nataka tuwe waungwana katika hili. Hoja ya udongo si ya kutupwa. Ardhi yetu ndivyo ilivyo, na hata vijiji visivyo na mgodi vina nyumba zenye nyufa. Tena kwa kuwa wanalipua mara nyingi, alama yoyote ya mkaa ingeweza kuangukia siku ya mlipuko. Ndiyo maana hatukuomba fidia moja kwa moja. Tuliomba vitu viwili: kumbukumbu za milipuko, tarehe kwa tarehe, na kipima mtetemo kifungwe kwenye nyumba tatu tutakazochagua sisi, si wao. Cha kwanza tulinyimwa kwa maelezo kwamba ni siri ya kampuni. Cha pili kimekubaliwa kwa mdomo mwezi Mei. Kampuni ambayo ina hakika kosa ni la udongo ingekuwa ya kwanza kufungua daftari la milipuko, maana daftari hilo lingeitetea.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mwaka huu nimeulizwa sana na wanachama: kwa nini barua zetu hatuzielekezi kwa kampuni peke yake?

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2017. Machi serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, yasisafirishwe nje. Mei na Juni kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro, zilizoundwa kuyachunguza, zikasoma ripoti zao mbele ya Rais Magufuli, nchi nzima tukiwa kwenye redio na televisheni. Mwaka huo huo sheria zikabadilishwa. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Barrick ya Kanada, ilidaiwa kodi na riba za dola bilioni 190. Madai hayo yalimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya ubia ya Twiga, ambayo serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84, mkataba ukasainiwa Dar es Salaam Januari 24, 2020. Nilishangilia asilimia 16 na bado naamini ni haki yetu. Dhahabu ilitoka miaka mingi huku nchi ikipata makombo.

Lakini hisa zile zilibadilisha jambo ambalo hatukulitazama vizuri wakati ule. Zamani serikali ilikuwa msimamizi, kampuni mfanyabiashara, na mwananchi alijua akimbilie wapi. Sasa msimamizi ni mbia pia. Mgodi ukisimama wiki moja kwa sababu ya uchunguzi wa mazingira, anayepoteza gawio ni pamoja na yule anayepaswa kuagiza uchunguzi. Sisemi kwamba kuna ofisa yeyote anayefumba macho kwa ajili hiyo. Sina ushahidi huo na sitamsingizia mtu. Nasema mwenye hisa hawezi kukaa kimya kana kwamba yanayofanyika mgodini ni ya wageni. Wajumbe wa bodi wanaoteuliwa na serikali wanakaa pale kwa niaba yetu. Kwa hiyo tangu Februari kila barua yetu ina nakala kwa Msajili wa Hazina, ambaye ndiye mtunzaji wa hisa za serikali, tukimwomba mambo ya nyufa na karatasi ile yafike kwenye meza ya bodi. Tumepata barua moja ya kukiri kupokea. Ni mwanzo.

Na makao makuu yaliyoko nje nayo yana masikio. Mei 16, 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu waliovamia mgodi wa North Mara, na watano wakafa. Baadhi ya familia na majeruhi wa matukio ya mgodi ule walifungua shauri London, ambako kampuni ya wakati huo ilikuwa imeandikishwa, na mwaka 2015 likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama bila kampuni kukiri kosa. Sisi hatuna shauri la damu, namshukuru Mungu. Nalitaja kwa sababu wapo wanaotuambia kwamba ofisa uhusiano wa getini ndiye mwisho wa ngazi. Siye.

Kuhusu mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyowekwa mwaka 2017, kinaitaka kampuni iandae mpango huo kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Maana yake madawati, zahanati na kisima si zawadi ya mkurugenzi mwenye moyo mwema. Ni jambo lenye mpango, gharama na sahihi za pande mbili. Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi ni kitu kingine kabisa, ni fedha ya halmashauri kwa sheria, na wanaovichanganya viwili hivi kwenye hotuba wanatupotosha. Wazee wanakumbuka mikataba ya zamani iliyoruhusu mgodi mkubwa kumaliza wajibu wake kwa halmashauri kwa dola 200,000 tu kwa mwaka, mgodi uzalishe utakavyozalisha.

Tuliomba nakala ya mpango wa mwaka kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu. Tulijibiwa siku ya 41. Kilichomo kimetushangaza. Zahanati iliyozinduliwa kwa ngoma na fulana imeandikwa kwa gharama ambayo fundi wetu, mwanachama aliyejenga majengo mengi ya serikali, haoni imekwenda wapi. Vyumba vitatu, hakuna kichomea taka, tanki la maji limewekwa bila bomba. Amechora na kupima kila ukuta, na makadirio yake yameambatishwa kwenye barua tuliyompelekea mkurugenzi wa halmashauri Juni 12. Diwani wetu ameahidi kuifikisha kwenye kamati ya fedha. Tutamfuatilia yeye pia, maana alikuwepo siku ya kukata utepe.

Fidia. Sheria inataka ilipwe ndani ya miezi sita tangu tathmini iidhinishwe, ikichelewa iongezwe riba, na ikipita miaka miwili bila malipo tathmini hiyo hufa. Tuna wanachama ambao nyumba zao zilipigwa namba ya rangi nyekundu wakaambiwa wasiendeleze chochote. Mmoja ana kuta zilizofika kwenye linta, bati zake amezilaza chini ya kitanda, na mvua mbili zimeshanyesha ndani ya nyumba isiyo na paa.

Bwawa la topesumu. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka na tope likaingia kwenye makazi na mashamba. Tumeuliza kampuni yetu swali jepesi: likitokea usiku, nani atapiga king'ora, na sisi tukimbilie upande upi? Mabonde yetu yote yanatazama ziwani, na wavuvi wa dagaa wanakuwa majini saa hizo. Tumeahidiwa zoezi la tahadhari Septemba.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Mei kampuni ilitutumia ujumbe kwamba ingependa kuchangia mkutano huu: ng'ombe mmoja, fulana, na posho ya kamati. Kamati ilikataa kwa kura tano dhidi ya mbili. Waliotaka tupokee si wasaliti na sitaki mtu awaite hivyo. Walisema wanachama wanatoka mbali na chama hakina fedha, na hilo ni kweli. Ndiyo maana leo tunakula wali na dagaa tuliochangiwa na kina mama wa mwaloni, na nawashukuru sana.

Wenye fomu za tathmini ambao hawajaleta nakala kwa katibu walete kabla ya Agosti 15, pamoja na picha ya namba iliyopigwa ukutani. Kama rangi imeanza kufutika, msiipake upya. Ipigeni picha hivyo hivyo ilivyo.

Mwenyekiti