Tusirudishe injini ya pikipiki kwa nyundo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase waendesha bodaboda wenzangu tunaoshusha injini uani ili kukwepa gharama za fundi. Kuishusha si kazi ngumu: hufunguliwa betri, humwagwa oili, huondolewa kabureta, eksozi, cheni na kebo ya klachi, kisha injini huegemezwa juu ya kreti la soda kabla ya bolti ya mwisho kuchomolewa. Tatizo huanza wakati wa kuirudisha. Mwezi uliopita nilikaza bolti ya mbele hadi mwisho kabla ya kuingiza za nyuma. Matundu yakagoma kulingana, nami kwa haraka zangu nikagonga kwa nyundo na kuharibu nyuzi za bolti, jambo lililonigharimu siku mbili za kazi. Ni heri bolti zote ziingizwe kwanza kwa vidole, injini ikiwa bado imebebwa na kreti, ndipo zikazwe kwa zamu. Aidha, waya wa hasi unaofungwa kwenye injini usisahauliwe, kwani bila huo stata haizunguki hata betri ikiwa mpya.

Mwendesha bodaboda,
Morogoro