Kahawa Yako Imepoteza Harufu? Angalia Unapoiweka

Malalamiko tunayoyasikia sana hapa dukani ni haya: "Mara ya kwanza ilinukia nyumba nzima, sasa hivi nakunywa maji ya moto yenye rangi." Ukiulizia vizuri unakuta ni mfuko uleule, umefunguliwa mwezi na zaidi uliopita. Kahawa ilitoka kwetu ikiwa nzuri, ikachakaa kabatini.

Jambo hili linatuuma. Hapa mjini Moshi tumeishi na kahawa kwa vizazi: KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, upo tangu 1933, Bodi ya Kahawa makao yake ni mjini hapa, na mnada wa kahawa tumeuzoea. Mkulima wa Kibosho au Uru, huko mlimani, anachuma kahawa nyekundu tupu, anaimenya, anaivundika, anaiosha, kisha anaianika kwenye vichanja na kukimbia kuifunika kila wingu likitanda. Kazi yote hiyo inaweza kupotea ndani ya wiki mbili kwenye rafu iliyo jirani na jiko la gesi.

Punje ikishakaangwa huanza kutoa hewa ya ukaa iliyojifungia ndani yake wakati wa moto. Inatoka kwa nguvu siku za mwanzo, halafu inapungua taratibu. Ndiyo sababu mifuko yetu ina kile kitundu cha plastiki kwa mbele. Wapo wanaokiziba kwa selotepu wakidhani mfuko umetoboka. Tafadhali kiacheni. Kinaruhusu hewa itoke bila kuruhusu ya nje iingie. Hewa ya nje ndiyo adui, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta ya kahawa huyaharibu, na zile harufu za matunda, maua au chokoleti huruka zikaisha. Joto huharakisha uharibifu huo, mwanga vilevile, na unyevu ndio unaomalizia.

Sasa fikiria hali ya hewa yetu. Januari na Februari Moshi mjini jua linawaka kwelikweli, na jikoni mchana joto linazidi la nje. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, hata chumvi kwenye kikopo inaloa. Wateja wetu wa Arusha wana nafuu ya baridi, ila mvua hawaikwepi. Kwa hiyo kahawa isikae juu ya friji ambako joto la mashine linapanda, wala dirishani, wala kwenye kabati la juu ya jiko. Kabati la chini, lenye giza, mbali na moto, linatosha kabisa.

Chombo nacho kina habari yake. Kopo la kioo linapendeza mezani, lakini mwanga unapita, na likibaki nusu, nusu nyingine yote ni hewa. Kopo la plastiki lililowahi kubeba binzari au pilau masala halifai hata ukilisugua namna gani, maana harufu imeshaingia kwenye plastiki na kahawa inaivuta. Njia tunayoipendekeza ni rahisi. Acha kahawa kwenye mfuko wake, ukamue taratibu hewa itoke, ukunje mdomo mara mbili tatu, ubane kwa kibanio cha nguo. Kisha uweke mfuko huo ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaokaza. Kijiko kiwe kikavu. Mvuke wa birika usiufikie mdomo wa mfuko. Unakuta mtu anachota kahawa juu kabisa ya maji yanayochemka, na kila asubuhi unyevu unaingia kidogo kidogo.

Kwenye friji hapana. Friji ya nyumbani ina dagaa, vitunguu na mchuzi wa jana, na kahawa inanyonya harufu zote hizo. Isitoshe, unaitoa na kuirudisha kila siku, na kila inapotoka baridini inatoa jasho kama chupa ya soda. Friza ni habari nyingine, inafaa kwa mwenye kahawa nyingi, lakini ina masharti. Gawa kahawa mapema kwenye vifuko vya kutumia wiki moja moja, ondoa hewa, funga kabisa. Ukitoa kimoja, usikifungue mpaka kifikie joto la chumba, bora ukitoe usiku utumie asubuhi. Kikishatoka hakirudi. Umeme ukikatika saa kadhaa usihangaike kufungua kuangalia. Friza ikibaki imefungwa, baridi inakaa.

Lakini hata ukihifadhi vizuri kiasi gani, kahawa iliyosagwa haikai. Punje moja ikisagwa inakuwa vipande vingi sana, na kila kipande kinakutana na hewa. Punje nzima ikifungwa vizuri inakwenda wiki tatu hadi nne tangu siku ya kukaangwa ikiwa bado na ladha yake. Unga, baada ya wiki moja tayari unaonja tofauti. Haukudhuru, unanyweka, ila utamu wake umekwenda. Kwa hiyo, kama utaweza kununua kitu kimoja tu cha kahawa mwaka huu, nunua kinu kidogo cha mkono. Kina faida kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Asiye na kinu tunamsagia bure hapa, na tunaomba anunue kidogo. Tunajua duka lolote hupenda kuuza kilo nzima. Sisi tunapendelea uchukue gramu mia mbili na hamsini, uimalize, urudi. Kila mfuko wetu una tarehe ya kukaangwa imeandikwa kwa peni mgongoni, na hiyo ndiyo uitazame kabla ya kitu kingine chochote. Kahawa iliyokaangwa jana usiikimbilie, ipe siku nne tano itulie. Na wale wanaochagua punje nyeusi zinazong'aa mafuta wakiamini ndizo zilizokaangwa karibuni zaidi: mafuta yakishatoka nje yanakutana na hewa moja kwa moja, kwa hiyo hizo ndizo zinazowahi kuchakaa.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Weka vijiko viwili vya kahawa kwenye kikombe, mimina maji ya moto kidogo, yafunike unga tu. Kahawa yenye uhai inaumuka, inatoa povu la rangi ya udongo, viputo vinapasuka. Iliyochoka inalala tu, maji yanapita.

Neno kwa wanaoletewa kahawa ya kihamba, yaani ya shamba la familia, kutoka nyumbani, maana mko wengi. Msiikaange yote siku moja. Kahawa ya maganda iliyokauka vizuri inakaa miezi mingi bila kuharibika kama gunia liko juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji, mbali na mbolea, moshi na mafuta ya taa. Tuleteeni kilo moja au mbili kwa wakati, tukoboe, tukaange namna mnavyopenda, nyingine ibaki kwenye ganda lake. Ukikaanga mwenyewe kwa sufuria, ipepete mpaka ipoe kabisa, na usiifungie kwenye chupa siku hiyohiyo, kwa kuwa hewa inayotoka inaweza kusukuma mfuniko.

Kama una kahawa nyumbani ambayo huielewi, ije hata kama hukuinunua kwetu. Jumamosi asubuhi tunachemsha maji kwa ajili hiyo: tunapika yako na ya wiki hii, vikombe viwili, unaonja mwenyewe.