Asilimia za prosesa zilivyonikesha bure

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wanaotunza seva za Linux. Juzi nilikesha nikiisaka programu ambayo haikuwa na kosa lolote. Amri ya top, inayoonyesha programu zinavyotumia prosesa, ilisema inakula asilimia 390 ya prosesa. Ps, amri nyingine ya kuorodhesha programu, dakika ileile ikasema asilimia 4. Nikaamini moja lazima inadanganya.

Hakuna iliyodanganya. Top hupima kipindi kifupi tu, sekunde chache zilizopita, na kila kiini cha prosesa hukihesabu kuwa asilimia 100, kwa hiyo mashine ya viini 8 inaweza kufika 800. (Ukibonyeza I kubwa, hesabu hugawanywa kwa idadi ya viini. Mimi nililijua hilo alfajiri.) Ps hugawanya muda wote wa prosesa ambao programu imetumia kwa muda uliopita tangu ianzishwe. Yangu ilikuwa imelala siku nyingi, ndipo ikaamka kufanya kazi yake halali.

Vmstat, amri inayoonyesha hali ya mashine nzima, nayo ina mtego: mstari wake wa kwanza ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Niliusoma huo peke yake, nikajiona fundi! Siku hizi naandika vmstat 5, ili itoe mstari mpya kila sekunde 5, na mstari wa kwanza naupuuza.

Walio kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, yaani mashine mwenyeji), tazameni pia safu ya st katika vmstat. Huo ni muda ambao mashine yenu ilihitaji prosesa, lakini mashine mwenyeji ikawa inahudumia wengine.

Msomaji wenu,
Mtunza seva